Salama kwa Nani? Kivumishi "Safe" Kikifika Mpakani Mpondwe

Katika kozi yetu ya tafsiri na ukalimani tulipewa sentensi kumi za Kiingereza, zote zenye kivumishi kimoja: "safe". Kulikuwa na maji, dawa, dereva, daraja, shule, mazishi, nyumba, mtoto, safari na umbali. Agizo lilikuwa fupi: tafsiri, kisha utetee uamuzi wako. Wenzangu wengi walimaliza kabla ya kipindi kwisha. Kamusi tulizo nazo zote zinaanza na jibu moja, "salama", na ukilipachika neno hilo kila mahali hakuna sentensi inayokataa waziwazi. Maji salama, dereva salama, daraja salama. Zinasomeka. Mimi nilikaa na karatasi ile wiki nzima, kwa sababu nimezaliwa Bwera, na mwaka 2019 neno hili lilipewa kazi nzito kwetu kuliko kazi yoyote iliyomo katika zoezi la darasani.

Kwa msomaji asiyepajua: ukitoka mji wa Kasese unashuka kusini hadi njia panda ya Kikorongo, unakata kulia, unapita Kisinga, kisha barabara inakufikisha Bwera na kuishia Mpondwe, kwenye mto Lhubiriha. Ng'ambo ya mto ni Kasindi, Kongo. Sisi Bakonzo na Banande wa upande ule ni watu wamoja. Mpaka umepita katikati ya koo, na wakati mwingine katikati ya familia. Jumanne na Ijumaa ni siku za soko. Kiswahili chetu hakikuletwa na shule, kililetwa na mafuta ya mawese, maharage, samaki na vitenge. Nalisema hili kwa sababu sehemu kubwa ya Uganda bado inakisikia Kiswahili kama lugha ya kambi ya jeshi na kizuizi cha barabarani, hata baada ya marekebisho ya katiba ya 2005 kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili na Baraza la Mawaziri kuidhinisha, mwaka 2022, kifundishwe kwa lazima shuleni. Bwera tunakisikia vyote viwili: lugha ya kupunguziana bei na lugha ya amri. Jambo hilo litanihitaji baadaye, kwenye mazishi.

Nianze na maji, maana hapo mtego wa kwanza ni wa sauti tu. "Safe" na "safi" yanafanana masikioni. Mtu aliyesoma Kiingereza kidogo akiona bango la "safe water" husoma "maji safi", na haoni tatizo lolote. Asili za maneno hayo hazikutani: "safi" na "salama" yote tumeyapokea kutoka Kiarabu, la kwanza likibeba maana ya kutochanganyika na uchafu, la pili maana ya kutofikwa na baya, neno la Kiingereza lilipitia Kifaransa kutoka Kilatini. Watanzania wana fungu la maneno linalonipendeza, "maji safi na salama", ambalo limezoeleka hata watu hawasikii tena kwamba lina sifa mbili. Kasese tuna sababu ya kuzisikia. Mto Nyamwamba unashuka kutoka Rwenzori ukiwa baridi na mweupe, unapita Kilembe, ambako marundo ya mabaki ya mgodi wa zamani wa shaba yamekaa kando ya mkondo. Mafuriko ya 2013 na yale ya Mei 2020, yaliyoiharibu hospitali ya Kilembe, yalipita humo humo. Metali iliyoyeyuka haionekani kwenye glasi. Maji yanaweza kuwa safi na yasiwe salama. Na maji yaliyotiwa klorini yana harufu ambayo nyanya yangu hadi leo anaiita uchafu, ingawa ndiyo salama zaidi nyumbani mwake. Wafaransa, na kwa hiyo makaratasi yote yanayotoka Kasindi, hawana shida hii: wao husema "eau potable", maji ya kunyweka, basi. Sifa yenyewe imetaja mnywaji.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kinachojificha ndani ya kivumishi hiki. Maji yakiwa "safe", anayelindwa ni anayeyanywa. Maji yenyewe hayana la kuogopa. Mtoto akiwa "safe", anayelindwa ni mtoto. Dereva akiwa "safe" inaweza kuwa ametoka mzima kwenye ajali, au inaweza kuwa yeye ndiye hasababishi ajali. Kiingereza kinatumia mlango mmoja kwa kuingia na kutoka. Kiswahili, kwa bahati nzuri, kina milango miwili, nayo imo katika kitenzi: kuna kisichodhuru na kuna kisichodhurika. Kiambishi kimoja tu, "-ik-", na tayari umeshajua nani yuko upande gani wa hatari.

Kuna njia nyingine nyembamba zaidi, ambayo sijaona ikielezwa vya kutosha katika vitabu vyetu vya tafsiri. Jaribu sentensi hizi: "Mtoto yuko salama." "Dawa hii ni salama." Sasa zigeuze. "Mtoto ni salama" inashangaza kidogo, kana kwamba kuna aliyemshuku mtoto kuwa ni bomu. Na ukisema "dawa iko salama", msikilizaji anafikiria kabati lililofungwa kwa kufuli. "Salama" lenyewe halibadiliki wala halichukui kiambishi cha ngeli yoyote. Kazi ya kuonyesha nani analindwa na nani inafanywa na "ni" na "yuko". Majirani zetu wa Msumbiji wanaosema Kireno wana mgawanyo wa karibu na huo. Kitenzi "ser" hutaja sifa ya kudumu ya kitu, "estar" hutaja hali kilimo sasa, kwa hiyo maji yasiyodhuru huchukua cha kwanza na mtoto aliyeokoka huchukua cha pili. Mreno akipewa sentensi zetu kumi atalazimika kuamua kabla hajafika kwenye kivumishi. (Kiswahili kina kichekesho chake hapa: "maji yako salama" inaweza kuwa maji hayajamwagika, au maji ni ya kwako wewe. Nimeiona kwenye pipa moja Kasese na sikujua niyanywe au nimtafute mwenyewe.)

Ningeweza kuishia hapo na kupata alama zangu. Tatizo ni kwamba Kiswahili cha Mpondwe hakina mgawanyo huo. Sokoni kwetu, na ng'ambo kwa Wakongo zaidi, "iko" na "eko" hubeba kila kitu. Maji iko muzuri, mutu eko muzuri, bei iko juu. Wanafunzi wenzangu wa mjini hucheka wakiyasikia, na wahadhiri huyapiga mstari mwekundu, lakini ni sarufi inayofanya kazi kila Jumanne na Ijumaa kwa maelfu ya watu. Ukitaka kumwambia mtu wa huko jambo ambalo uhai wake unalitegemea, huwezi kuficha maana yako kwenye tofauti ya "ni" na "yuko" ambayo sikio lake halina haja nayo.

Na jambo la namna hiyo lilikuja. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na kabla mlipuko huo haujatangazwa kwisha Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200. Tarehe 11 Juni 2019 Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza upande wetu: mtoto wa miaka mitano aliyevuka na jamaa zake kutoka Kongo, akapelekwa hospitali ya Kagando kisha Bwera. Alifariki, na bibi yake pia, na mdogo wake wa miaka mitatu. Mwezi Agosti mwaka huo huo msichana wa miaka tisa aligunduliwa mpakani na kufia Bwera. Siku za soko zilisimamishwa kwa muda. Nilikuwa sekondari. Shangazi yangu, ambaye huuza maharage pande zote mbili, alikuwa amepita kwenye kipimajoto cha Mpondwe mara nyingi kuliko yeyote ninayemjua.

Utaratibu ulikuwa huu: unanawa maji ya klorini, unasimama kwenye foleni, mhudumu anakuelekezea kile kifaa kama bastola ndogo kwenye paji la uso, anasoma namba. Akiridhika anasema: "Uko salama. Pita."

Fikiria sentensi hiyo kama mfasiri. Kwa Kiingereza cha mafunzo waliyopewa, "you are safe" ilimaanisha kwamba mtu huyu haonyeshi dalili ya kuwaambukiza wengine. Anayelindwa ni wale walio ng'ambo ya kizuizi. Lakini shangazi yangu alisikia habari juu ya mwili wake mwenyewe: huna Ebola. Alirudi nyumbani na kututangazia, kama mtu aliyepata majibu ya maabara. Kipimajoto hakijui hivyo. Kinajua homa, na homa ya leo tu. Virusi vya Ebola vinaweza kukaa mwilini tangu siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kuanza, na ndiyo maana waliokuwa karibu na mgonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. "Uko salama" lilimpa shangazi ahadi ambayo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuitoa, na halikumwambia lile alilopaswa kusikia, yaani kwamba akipata homa kesho kutwa asikae nyumbani.

Chanjo ilileta kisa kingine. Wahudumu wa afya na watu waliokuwa karibu na wagonjwa walichanjwa, na waliambiwa chanjo ni salama, jambo ambalo ni kweli. Lakini chanjo ile huleta homa kwa watu wengi siku za mwanzo. Kwa hiyo mtu alipokea kitu "salama", akapata joto, akafika kwenye kipimajoto na kuambiwa kwamba yeye si salama. Kwa Kiingereza hakuna mgongano, kwa sababu neno lilibadilisha upande bila kelele. Kwa mama aliyesimama kwenye foleni na kikapu kichwani, aliyemdanganya ni mmoja kati ya hao wawili.

Sasa mazishi. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza sana, na kuuosha, kuukumbatia, kuulalia usiku, mambo ambayo kwetu ndiyo kuzika kwenyewe, ndiyo njia mojawapo kubwa ya ugonjwa kuenea. Kwa hiyo ilikuja programu ambayo kwa Kiingereza huitwa "safe and dignified burial". Wakongo waliipokea kwa Kifaransa, "enterrement digne et sécurisé", na msomaji aone mpangilio: Kiingereza kinatanguliza "safe", Kifaransa kinatanguliza heshima. Sijui kama aliyeamua alikusudia. Lakini msiba ukiwa wa kwako, neno la kwanza ndilo unalolisikia.

Dada yake nyanya yangu aliolewa Kasindi miaka mingi iliyopita. Alifariki mwaka ule ule, mzee, mgonjwa wa muda mrefu. Wakati ule kila kifo kilitiliwa shaka, kwa hiyo ilikuja timu. Kwenye karatasi walizogawa kulikuwa na maneno "mazishi ya usalama". Naomba wenzangu wasilipite neno hilo haraka. "Mazishi salama" na "mazishi ya usalama" yanatofautiana kwa silabi mbili. Lakini katika Kiswahili chetu "watu wa usalama" ni nani? Ni wale wanaokuja usiku. Tanzania idara yenyewe ya ujasusi inajulikana kwa jina hilo. Na upande ule wa mpaka timu nyingi za kupambana na Ebola zilikuwa zikisafiri na ulinzi wenye silaha, kwa sababu zilishambuliwa. Kwa hiyo ndugu waliosoma "mazishi ya usalama", kisha wakaona gari lenye askari likifuatwa na watu waliofunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni, hawakuhitaji kuelezwa maana. Waliona karatasi na gari vinasema jambo moja. Vijana wawili wa ukoo walianza kuokota mawe.

Hawakuyarusha. Mzee mmoja aliwazuia. Nyanya alikuwa amevuka kwenda kuosha mwili wa dada yake na hakuruhusiwa kuukaribia. Aliuliza kwa Lhukonzo swali ambalo nimelitumia kuwa kichwa cha insha hii: mazishi haya ni salama kwa nani, maana dada yangu amekwisha kufa? Mmoja wa timu, kijana wa Butembo, ndiye aliyemjibu, naye hakutumia kivumishi chochote. Alimwambia: mama, ikiwa ni ule ugonjwa, ukimgusa leo, sisi tutarudi kukuchukua wewe, kisha wajukuu wako. Halafu akamwuliza kitambaa gani dada yake alikipenda, akakipokea kwa mikono yenye glavu mbilimbili, akakiweka juu ya mfuko kabla ya kuufunika kwa udongo. Majibu yalitoka baada ya siku kadhaa: hakuwa na Ebola. Nyanya hajasamehe kabisa. Lakini anamtaja kijana yule kwa wema na karatasi ile kwa ubaya, na mimi kama mwanafunzi wa tafsiri siwezi kudharau hukumu hiyo. Darasani tunasoma kwamba Eugene Nida, mwaka 1964, alitaka tafsiri ipimwe kwa athari yake kwa mpokeaji. Mawe mkononi ni athari. Kwenye zoezi langu niliandika "mazishi ya heshima yasiyoambukiza", nikiiga mpangilio wa Kifaransa na kitenzi cha kijana wa Butembo. Ni refu, na halina mvuto wa bango.

Sentensi ya nyumba ilinitesa kwa namna tofauti. "Nyumba salama" ni tafsiri inayotumika tayari, na ni nzuri: mkoani Mara, Tanzania, nyumba zinazowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji zinaitwa hivyo hivyo. Lakini "safe house" ya magazeti ya Kampala si hiyo. Mganda akisikia maneno hayo anafikiria jumba lisilo na kibao ambamo watu huzuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Bunge liliwahi kuzichunguza. Nani yuko salama humo? Aliyefungiwa hayuko salama, wala nyumba si salama kwake. Ni salama kwa siri ya waliomweka. Niliandika "nyumba ya kizuizi cha siri" na kwenye utetezi wangu nikasema kwamba hapa mfasiri anayelinda umbo la neno anakuwa ameshiriki katika kuficha. Nilipewa alama nusu, na maoni kwamba nimeingiza siasa. Bado naona siasa ilikuwa imo katika sentensi kabla yangu.

Shule nitaipita upesi. Katika sera za elimu "shule salama" ni shule isiyomdhuru mtoto: hakuna kipigo, hakuna unyanyasaji, vyoo vina milango. Baada ya usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walipoishambulia shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, Bwera hakuna anayesikia maana hiyo kwanza. Shule salama ni shule yenye askari getini. Nimeandika zote mbili, nikaacha.

Nyingine zilikuwa nyepesi. "Safe journey" ni "safari njema", na yeyote anayesema "safari salama" anaonekana kuhofia breki. Ile kampuni ya bodaboda ya Kampala, SafeBoda, haitafsiriki, maana jina ni jina. Daraja nililiandika "daraja linalopitika bila hatari", nikijua kwamba msimu wa mvua kwetu linalopitika asubuhi laweza kuondoka na mto jioni.

Ilibaki "safe distance", na hapa Waganda tulikuwa tumeshapata jibu la kuonea fahari. Korona ilipofika mwaka 2020, Kiingereza kilituletea umbali salama. Kampeni ya Kiganda ilisema neno moja: "Tonsemberera", usinikaribie. Kivumishi hakuna. Kuna kitenzi, kuna mimi, kuna wewe, na kuna hatari inayotoka upande wowote. Hata watoto wa Kasese wasiojua Kiganda walikuwa wakifukuzana nalo barabarani.

Binamu yangu alifanya kazi kwenye kile kipimajoto cha Mpondwe, na tulipokuwa likizoni nilimwuliza kama walikubaliana maneno ya kusema. Nikampa sentensi yangu niliyoisuka kwa siku mbili: "Leo hatujaona homa kwako, ukipata homa ndani ya siku 21 uje hospitali." Akacheka. Akaniuliza kama nimewahi kuona foleni ya Ijumaa, watu wamebeba magunia, mvua inanyesha, lori la samaki linapiga honi nyuma yao. "Uko salama" waliiacha wenyewe ndani ya wiki chache, akasema, baada ya mama mmoja kurudi na kudai apewe cheti kinachothibitisha maneno hayo. Sentensi ya siku 21 waliihamishia kwenye kipaza sauti, kwa Lhukonzo na Kiswahili cha soko, ikirudiwa tangu asubuhi. Kwenye kipimajoto walibaki na maneno matatu.

"Joto sawa. Pita."